Ludlow, siku ya gulio

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ukitaka kwenda Ludlow kutoka hapo Birmingham, usiende Jumanne. Gulio lao huwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na bila gulio utaona majengo tu, usiuone mji.

Panda treni ya Shrewsbury, kama saa moja, kisha ubadilishe, upande treni ya kuelekea Hereford. Nusu saa hivi umefika. Kadi ya punguzo ya vijana inakuondolea theluthi ya nauli, lakini uwe nayo safarini: mkaguzi akikuta tiketi ya punguzo bila kadi, utalipishwa. Saa nne asubuhi uwe umeshafika, maana alasiri wachuuzi hufungasha, na mvua ikinyesha hufungasha mapema zaidi.

Gulio liko mbele ya lango la ngome. Kabla hujanunua kitu, ipe ngome mgongo utazame mashariki. Zamani kutoka hapo hadi Bull Ring, mtaa wa humo Ludlow na si ile ya Birmingham, palikuwa na barabara moja pana ya soko. Meza za wachuuzi zikawa vibanda vya kudumu, vibanda vikawa nyumba za ghorofa, na nafasi iliyosalia katikati ndiyo vile vichochoro vyembamba. Vipite polepole, Mama. Wengi huvipita mbio wakikimbilia kuipiga picha Feathers, hoteli ya mbao ya mwaka 1619, nao wameiacha nyuma habari yenyewe ya mji.

Kisha ingia kanisa la Mtakatifu Laurence. Mnara wake una urefu wa mita 41 hivi, lakini usiishie kwenye mnara. Nenda kwenye viti vya mbao vya wanakwaya, 28 vyenye nakshi chini ya kikalio, vya karne ya 15. Tafuta kile cha mwanamke muuza pombe aliyewapunja wateja: shetani amembeba kumpeleka motoni, na kikombe chake cha wizi bado anacho mkononi. Mji wa soko ulichonga dhambi uliyoiogopa.

Ngome ina kiingilio. Humo ndimo alimofia Arthur, mrithi wa ufalme wa Uingereza, mwaka 1502. Mjane wake, Catherine wa Aragon, akaja kuolewa na mdogo wa Arthur, Henry wa Nane. Ngazi za mnara mkuu ni za mawe, nyembamba za kuzunguka, na huteleza zikilowa, basi vaa viatu vyenye soli ya kushika.

Kuhusu chakula: soseji za huko kwa kawaida ni za nguruwe, na pai nyingi pia. Uliza kabla hujalipa. Beba na sarafu kidogo.

Ukipata muda, teremka Broad Street hadi Broad Gate, lango pekee lililosalia kati ya malango saba ya ukuta wa zamani wa mji. Kurudi kituoni kunakuhitaji kupanda tena, kwa hiyo ratiba ya treni itazame asubuhi ukishuka. Ikikuacha moja, unaweza kuingoja inayofuata saa nzima au zaidi.

Baba yako