"Inopportune" si sawa na "untimely"

Mhariri,

Kamusi nyingi hulifasiri neno la Kiingereza "inopportune" kuwa "-siofaa", kisha humwacha msomaji hapo. Ndiyo maana wanafunzi hulichanganya na "inappropriate". Tofauti yake ni hii: "inappropriate" hulaumu jambo lenyewe, ilhali "inopportune" hulaumu saa. Simu kutoka kwa rafiki ni jambo jema. Ikilia katikati ya usaili, hapo ni "an inopportune call".

Asili yake husaidia kulikumbuka. Kilatini "opportunus" kilihusu upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Kiambishi "in-" kinakanusha, kwa hiyo tunabaki na upepo wa mbisho, na mabaharia wetu wanaujua vizuri!

Mara nyingi utalikuta katika fungu "at an inopportune moment". Angalieni "an", si "a", kwa sababu neno linaanza na irabu. Kivumishi hutangulia nomino, kinyume na Kiswahili, na mkazo mkuu huweza kuangukia silabi ya mwisho: inopa-TYUN, au ya pili: in-O-pa-tyun. Ukitaka kielezi, ongeza "-ly".

"Untimely" nalo huelekea zaidi kwenye kilichotokea kabla ya wakati wake, hasa kifo. "Inopportune death" itasikika kama marehemu amevuruga ratiba ya watu.

Tena ni neno la maandishi rasmi. Katika mazungumzo, "Is this a bad time?" inatosha kabisa.

Mwalimu wa Kiingereza