Ugali unakwama, au maji ndiyo yanakupalia?

Mzee aliingia na binti yake, akaketi kwenye benchi la mapokezi. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kwenye karatasi aliyokuja nayo kulikuwa na neno moja tu: kiungulia. Mfuko wa shati lake ulikuwa na pakiti ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iliyobakiwa na vidonge viwili. Nikamuuliza siku hizi anakula nini.

"Nakula vizuri tu."

Binti akainama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, baba anakula mtori."

Kwa asiyetoka huku kwetu Kilimanjaro, mtori ni ndizi zilizochemshwa na nyama, zikapondwa mpaka zikawa laini kama uji mzito. Ndicho chakula cha mzazi. Mzee alikuwa anakunywa mtori asubuhi na jioni kwa miezi minne, na nyumbani walikuwa wakimtania kwamba kajifungua lini. Krismasi, ndafu, yaani mbuzi aliyechomwa mzima, ilipokatwa, alichukua kipande, akakitafuna muda mrefu, akakitema kwenye tishu asionekane. Mkanda wa suruali ulikuwa umeongezwa matundu mawili kwa msumari. Hakuna aliyesema baba hawezi kumeza. Walisema amezeeka.

Katika kliniki yetu ndogo hapa Moshi tunapima njia ya chakula kwa kamera, na wengi wanaotufikia wameshajizoesha hivyo bila hata wao kutambua. Kwanza mtu anaacha nyama. Kisha anaacha mkate mkavu na chapati, ugali anauogeleza kwenye mchuzi, kila tonge analishushia na maji. Ukimuuliza atakwambia ana gesi, au vidonda vya tumbo. Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa hili: kinachokushinda ni ugali au ni maji? Jibu lake linatuonyesha tatizo lilipo kabla hatujagusa chombo chochote.

Kumeza ni kazi ya awamu mbili. Ya kwanza ni ya mdomo na koo: ulimi unalisukuma tonge nyuma, kaakaa laini linapanda kuziba njia ya puani, koromeo linanyanyuka na kifuniko chake kinafunika njia ya hewa, pumzi inasimama kidogo. Yote hayo huisha kwa kama sekunde moja, na yanaendeshwa na ubongo na neva. Ya pili ni ya umio, ule mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi unaotoka kooni hadi tumboni. Umio hausubiri chakula kidondoke chenyewe. Unakisukuma kwa mawimbi, na tonge huchukua sekunde nane au kumi kufika chini.

Awamu ya kwanza ikiharibika, maji ndiyo yanayosumbua zaidi, kwa sababu yanakimbia kabla kifuniko hakijafunga. Ya pili ikiharibika kwa njia kuwa nyembamba, maji yanapita, ugali unakwama.

Maji yanapopalia

Chanzo kikubwa hapa ni kiharusi. Wapo pia wenye ugonjwa wa Parkinson, wenye magonjwa yanayolegeza misuli, na waliopigwa mionzi shingoni. Dalili ni kukohoa wakati wa kunywa au mara baada ya hapo, maji kutokea puani, na sauti kuwa kama imelowa, yaani mtu anaongea utadhani ana mate kooni. Wengine hawakohoi kabisa. Maji yanaingia mapafuni kimya, na nyumbani wanachoona ni homa na kifua kinachorudi kila baada ya wiki mbili.

Wagonjwa hawa kamera yetu haiwasaidii sana, na huwa tunawaambia hivyo ili wasipoteze nauli. Wanahitaji daktari wa kiharusi na mtaalamu wa mazoezi ya kumeza. Lakini kwa kuwa simu nyingi tunazopigiwa ni za ndugu wanaomuuguza mtu nyumbani, niseme tunachowaelekeza. Mgonjwa aliyetoka kupata kiharusi asipewe chochote mdomoni, hata dawa, hata kijiko cha maji, mpaka apimwe kama anameza salama. Akiruhusiwa kula, aketishwe wima kabisa, si kuegemezwa mito miwili. Kidevu kiiname kidogo. Tumia kijiko cha chai, subiri umwone amemeza, ndipo uongeze. Uji unaoshikana kwenye kijiko kwa kawaida ni salama kwake kuliko maji matupu, ingawa mwenye neno la mwisho ni aliyempima. Mkimaliza, pitisha kidole chenye kitambaa safi kwenye shavu la upande uliolegea, maana chakula hujificha pale naye hana habari. Abaki ameketi nusu saa. Na msizungumze naye huku anatafuna. Najua ni vigumu, wageni wamekuja kumwona na wanataka ajibu salamu zao.

Ugali unapokwama

Umio unatanuka sana, na hiyo ni sifa na ni balaa. Ni balaa kwa sababu unaweza kubanwa taratibu usijue. Kwa kawaida mtu huanza kukwamwa na vyakula vigumu njia inapobaki na upana wa milimita 13 hivi au chini ya hapo. Kwa hiyo siku nyama ilipokwama mara ya kwanza si siku ugonjwa ulipoanza. Ulianza zamani.

Kuna kubanwa kwa makovu. Asidi inayopanda kutoka tumboni miaka na miaka huchoma sehemu ya chini ya umio, kidonda kinapona kwa kovu, kovu linajikunja. Huyu tunaweza kumpanua kwa puto au vijiti maalumu, akaendelea na dawa za kupunguza asidi, na akarudi kwenye nyama yake.

Kuna pia makovu ya kostiki soda, na hapa naomba nisimame kidogo. Akina mama wengi siku hizi wanatengeneza sabuni za maji nyumbani, jambo zuri, lakini dawa inahifadhiwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, sakafuni, karibu na mlango. Mtoto wa miaka mitatu anaona soda. Akimeza, msimtapishe, kwa sababu ile dawa itachoma tena ikipanda. Msuuzeni mdomo, kimbilieni hospitali na chupa yenyewe mkononi ili daktari aione. Umio wake huweza kuanza kubana wiki chache baadaye, wakati wote mkidhani ameshapona, na watoto wengine hupanuliwa mara nyingi kabla hawajaweza kula wali.

Halafu kuna saratani. Kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi mpaka pwani ya mashariki ya Afrika Kusini kuna ukanda ambao saratani ya umio iko juu kuliko sehemu nyingi za dunia. Bomet, nchini Kenya, Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa saratani hii kwa miongo, wakiwamo wasiofika hata miaka 30. Chanzo si kimoja. Tumbaku na pombe vimo. Na chai imo: mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani ya umio. Kosa si majani ya chai. Ni moto wake. Huku kwetu mgeni akipewa chai isiyotoa moshi anaona amedharauliwa, na kuna wazee wanaojisifu kwamba wanainywa ikitoka jikoni. Mzee wetu alikuwa mmoja wao.

Dalili inayotutia wasiwasi ni mfuatano: mwezi huu nyama, mwezi ujao ugali, kisha mkate, kisha uji, na mwili unapungua njia nzima. Mtu wa namna hiyo asiongezewe pakiti ya nne ya dawa ya kiungulia. Dawa hizo hutuliza moto, mtu akaona ana nafuu, huku njia inazidi kuziba.

Vyote viwili, na vinavyouma

Wachache hujibu, "Vyote, na vilianza pamoja." Ugali na maji, tangu siku ya kwanza. Hapo tunafikiria akalasia: neva za umio zimekufa, mawimbi hayapo, na mlango wa chini wa kuingilia tumboni hauachii. Chakula kinalala humo kama maji kwenye mfereji uliozibwa. Usiku kinarudi mdomoni kikiwa hakina uchachu wa tumbo, maana hakikuwahi kufika tumboni, na asubuhi mto una doa. Ni ugonjwa wa vijana kwa wazee, unakwenda polepole, na wengi huzungushwa kwa waganga kabla ya kufika kwenye kipimo. Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis alimtengenezea mgonjwa wake kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sponji nchani, akawa anasukumia chakula chini kila mlo. Leo mlango huo hutanuliwa kwa puto au misuli yake hukatwa kwa upasuaji, na zipo hospitali zinazoikata kwa kupitia ndani, kwa kamera.

Kama kumeza kunauma kuliko kukwama, mara nyingi ni kidonda au fangasi. Fangasi wa umio huonekana kwa watu ambao kinga imeshuka, kwa hiyo tutakushauri upime VVU na sukari, na usituchukie kwa hilo. Vidonge navyo huchoma. Doksisailini ikimezwa na funda moja la maji kisha mtu akalala, hunasa katikati ya umio na kuuchimba. Glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kabla ya nusu saa.

Ukihisi donge kooni wakati huli, nalo linapotea ukianza kula, mara nyingi si jambo la hatari, hasa kwa mtu mwenye mawazo. Tutakusikiliza hata hivyo.

Kimeo hakina kesi hapa

Lazima niliseme, maana kila mwezi anakuja mtu aliyeshakatwa. Kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya mdomo, wengine wanakaita kidakatonge, kanalaumiwa kwa kikohozi, kutapika na sasa kushindwa kumeza. Kanakatwa kwa wembe au kifaa kilichotumika kwa wengine, na watu wanavuja damu, wanapata maambukizi. Umio uliobana uko chini, nyuma ya mfupa wa kifua. Ukikata kimeo umekata mlangoni wakati tatizo liko chumba cha ndani.

Na mwiba wa samaki usiusukume kwa tonge la ugali. Tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Nyama ikikwama kabisa, hata mate yako yanarudi, hiyo si ya kusubiri asubuhi wala ya kupigia miadi kwetu. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo.

Kipimo chenyewe

Usile kwa saa sita kabla ya kipimo, na maji uyaache saa mbili kabla. Kama chakula kimekuwa kikikwama tutakwambia ufunge zaidi, kwa sababu tumefungua kamera tukakuta maharage ya jana. Njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, hasa za sukari na za kuzuia damu kuganda. Tutakupulizia dawa ya ganzi kooni, ni chungu, inakufanya uone kama koo limevimba, lakini halijavimba. Utalala ubavu wa kushoto, utang'ata kipande cha plastiki, mrija mwembamba utapita. Utacheua, mate yatachuruzika, yaache yachuruzike, tumeweka taulo. Ukihema polepole kwa pua inakuwa rahisi. Dakika tano hadi kumi. Daktari akiona pa kutilia shaka anachukua vinyama vidogo kama punje ya mchele, huwezi kusikia maumivu, na vinakwenda maabara. Kutoboka au kutoka damu nyingi hutokea mara chache sana, lakini utaelezwa kabla hujaweka sahihi.

Mzee alitaka afanyiwe bila sindano ya usingizi, akasema amewahi kung'olewa meno matatu kavu. Kamera ilisimama sentimita 28 kutoka kwenye meno. Haikupita. Majibu ya maabara yalikuwa saratani, tukamwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya KCMC. Kwa wengine safari ni hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Bugando, Mwanza. Kilichofanyika kwanza kwake ni kuwekewa bomba la waya linalojitanua lenyewe ndani ya umio, ili ale. Haliondoi saratani. Binti alinipigia simu wiki moja baadaye kuniambia baba amekula ndizi nyama, nyama imekatwa ndogondogo, na ameuliza ndafu itachinjwa lini.

Tunapima Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi. Mwenye bima aje na kadi. Ukichomwa sindano ya usingizi usije peke yako na usirudi kwa bodaboda, njoo na mtu wa kukushika mkono. Ganzi hukaa kama saa moja, usinywe kitu kabla haijaisha. Baada ya hapo tunakupa chai. Itakuwa vuguvugu.