Baridi Iliyokwama

Nakuru, Januari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Umeuliza mbona baridi ya huko Dallas, Texas, ikija vibaya hukaa wiki nzima.

Hapa Nakuru baridi ya Julai ni ya mawingu. Yakifunguka mchana, tunavua sweta. Huko usidanganywe na anga jeupe. Usiku usio na wingu, joto la ardhi hupotelea juu, na theluji iliyotanda hulirudisha jua la asubuhi lisipashe kitu. Ndivyo viazi vya Molo huungua kwa baridi alfajiri ambayo nyota zote zilionekana.

Chanzo cha baridi hiyo ya Dallas kiko kilomita 10 hivi juu, ambako upepo mkali hutiririka kuelekea mashariki, ukitenga hewa ya Aktiki, yaani ya ncha ya kaskazini ya dunia, na hewa ya joto. Fikiria Mto Nyando: ukitelemka kutoka Nandi una kasi, ukifika tambarare za Kano unapindapinda. Upepo huo nao ukipinda sana, kona moja hupanda hadi Alaska na inayofuata hushuka hadi Texas, ikiteremsha hewa ya Aktiki.

Kwa kawaida kona hizo husukumwa mashariki, na siku mbili tatu baadaye baridi imepita. Shida ni zikikwama. Kona hizo, yaani mikunjo ya upepo, zikiwa pana hujivuta magharibi, kinyume cha upepo. Nguvu hizo mbili zikilingana, mkunjo husimama palepale, kama mtu anayeogelea kukabili mkondo asisogee. Mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa kaskazini kama jiwe mtoni, na baridi humiminika kwa njia ileile siku 5, 10, hata zaidi. Tarehe 16 Februari 2021, Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri.

Kwa hiyo usitegemee kipimajoto cha leo peke yake. Fungua ramani ya milibari 500, yaani ramani ya hali ya hewa ya juu angani: mkunjo ukionekana mahali pamoja kwa siku tatu mfululizo za utabiri, jiandae.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, ndiyo maana mabomba hupasuka. Acha mfereji udondoshe kidogo usiku, fungua milango ya kabati chini ya sinki joto liingie, na ujue mapema koki kuu ya kufunga maji iko wapi. Umeme ukipotea, tafadhali mwanangu, usiingize jiko la makaa ndani, hata dirisha likiwa wazi. Gesi yake haina harufu, na mwaka huo wa 2021 iliua watu Texas.

Mamako