Barua kwa Mwanangu Somoe: Na Vidonge Uvitaje

Newala, Julai

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Salamu zako Hamisi amenifikishia, na kibao cha kituo chako cha tiba asili pale Chikongola, Mtwara, amenionyesha kwenye simu. Nimefurahi, wallahi. Kila anayepita hapa kuomba maji namwambia: yule aliyekuwa akibebwa mgongoni, leo watu ndio wanaomfuata awasaidie.

Kisha akaniwekea ile video unayoeleza ulivyopona. Umetaja uji wa mtama, mlonge, mazoezi ya kupumua, kulala mapema, kuacha kinyongo. Yote kweli, niliyaona. Lakini vidonge vya kifua kikuu hukuvitaja hata mara moja. Miezi sita, Somoe! Miwili ya vidonge vyenye dawa nne ndani yake, minne ya dawa mbili, na serikali haikututoza hata senti. Uji ulikurudishia mwili. Vimelea viliuawa na vidonge. Kwa nini unavificha?

Mke wa mjomba wako alikuwa hapa jikoni, naye akaitazama. Unajua anavyojichoma insulini. Akaniuliza, "Kumbe mlonge unatosha?" Mwili ukanisisimka. Mtu kama yule akiacha sindano anaweza kufa ndani ya siku chache, naye anakuamini kuliko daktari kwa sababu alikuona ukiwa mgonjwa. Nimemkataza, ila walioko Masasi na Lindi wanaoitazama ile video nani atawakataza?

Sidharau majani. Wanafunzi wangu niliwafundisha habari za mama wa China, Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye pakanga ya kwao. Lakini yule alipima, akajua kiasi kinachoponya. Wewe unapima kwa kipimo gani? Dawa za kifua kikuu peke yake zinaweza kuliumiza ini. Ukimwongezea mgonjwa mizizi usiyoijua vizuri, utalijuaje lililomdhuru?

Na je, umeshasajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria ipo tangu 2002. Nenda kwa mratibu wa tiba asili pale halmashauri, na usiniambie "nashughulikia, mama", maana hilo jibu nalijua.

Weka daftari. Kila anayeingia muulize kwanza anatumia dawa gani, umwandike. Akija anayekohoa wiki mbili, apeleke makohozi hospitali kabla hujampa chochote. Wewe ulifika hospitali umebaki mifupa kwa sababu kuna watu tuliokuwa tukiwasikiliza kwanza, na mbuzi wetu wakaishia kwao. Usiwe mmoja wao. Aliyeanza vidonge akaviacha njiani anaweza kupata kifua kikuu sugu, akawaambukiza na wanawe.

Una mikono ya huruma na una subira ya kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize, jambo ambalo wengi hawana. Kumpikia mtu, kumkanda, kumrudishia usingizi, hiyo ni kazi kamili. Haihitaji kumnyang'anya daktari sifa yake.

Salfa ya ruzuku imefika chama cha msingi na baba yako ameanza kupulizia mikorosho ya kule bondeni bila barakoa. Anakohoa usiku, ukimwambia anasema ni vumbi. Mpigie wewe, wewe anakusikia. Bati la jikoni limetoboka upande wa tangi, nangoja mnada wa korosho ndipo tulibadilishe. Pesa ya bati usitume, lipia usajili.

Jumamosi Hamisi anakuja na ming'oko na unga wa muhogo. Mpe barakoa za baba yako, zile nzito, na ile kanga yangu uliyoondoka nayo. Na video uwe umeshairekodi upya, atanionyesha akirudi.

Mama yako