Kwa Nini Uso wa Land Cruiser Hauuzwi kwa Vipande

Mwezi uliopita mteja mmoja aliyetaka kuivisha Land Cruiser yake ya zamani uso mpya aliondoka katika karakana yetu hapa Unga Limited, Arusha, akiwa amekasirika, na kabla hajafunga mlango wa gari alisema maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi mno: "Boneti ninayo, taa ninazo, fenda moja ninayo. Fedha zote hizo ni za kufunga tu?" Tumeona ni heri tumjibu kwa maandishi, kwa sababu swali lake ni la haki ingawa aliliuliza kwa hasira, na kwa sababu karibu kila anayetuuliza hivyo amekwisha kutumia fedha nyingi kabla ya kufika kwetu.

Tunazungumzia Land Cruiser za mfululizo wa 70, hizi ambazo watu wa safari huziita mkonga. Toyota ilizitoa mwaka 1984 zikiwa na taa mbili za duara, na uso huo, pamoja na marekebisho madogo ya hapa na pale, ulidumu hadi mwaka 2007, zilipokuja taa kubwa zenye pembe, boneti iliyoinuka na fenda pana. Tangu wakati huo wenye magari ya zamani, hasa kampuni za utalii ambazo mgeni wao hulipiga picha gari kabla hajamsalimu dereva, wanataka gari la mwaka 1996 lipate sura ya mwaka 2007. Jambo hilo linawezekana, kwani kuanzia mlangoni kwenda nyuma bodi haikubadilika sana. Matatizo yote yako mbele ya mlango.

Inafaa mteja ajue kwanza kwa nini fenda zilipanuliwa. Mwaka 2007 Toyota iliingiza injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5, yenye silinda 8 katika safu mbili, ambayo ni pana kuliko injini ya zamani ya 1HZ ya lita 4.2 yenye silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja. Ili V8 ienee, fremu ilipanuliwa upande wa mbele na ekseli ya mbele ikarefushwa, kiasi kwamba katika magari hayo nafasi kati ya magurudumu ya mbele inazidi ile ya magurudumu ya nyuma kwa milimita 95. Fenda zilifuata magurudumu. Kwa hiyo ukizifunga fenda hizo kwenye gari lenye ekseli ya zamani, matairi yanaonekana yamezama ndani, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Hapo ndipo njia ya mkato ya kwanza huanza, nayo ni spesa, yaani kipande cha chuma kinachowekwa nyuma ya rimu. Mteja mmoja wa Karatu alifungiwa spesa nene kwingine ili matairi yatokeze nje, akafurahi kwa msimu mmoja. Alipotujia, beringi za magurudumu ya mbele zilikuwa zimekwisha, stadi mbili, yaani bolti za kushikia gurudumu, zimekatika, na usukani ulikuwa ukitetemeka kwenye rasta, yaani matuta madogo ya mfululizo, za barabara ya Serengeti. Gharama ya kurekebisha hayo yote ilizidi ile tuliyomtajia mwanzoni akaiona kubwa. Sisi hutumia vipanuzi vya fenda vinavyofuata tairi lilivyo, na tunamwambia mteja mapema kwamba gari lake halitafanana kabisa na la V8 likitazamwa kutoka mbele. Wapo wanaoghairi baada ya kusikia hivyo, na hatuwalaumu.

Njia ya mkato ya pili, ambayo ndiyo iliyomkasirisha mteja wetu wa mwezi uliopita, ni kukusanya uso kipande kimoja kimoja: boneti kutoka Gerezani, Dar es Salaam, fenda ya kopi kutoka duka jingine, grili, au shoo kama wengi wanavyoiita, kutoka kwa rafiki. Uso wa gari unabebwa na vitu ambavyo mnunuzi havioni: paneli ya mbele inayoshika rejeta na taa, mabati ya ndani ya fenda, bawaba na loki ya boneti, vishikio vya bampa, pamoja na waya za taa na soketi zake. Ndiyo maana tunapendelea kununua nozikati, yaani mbele nzima iliyokatwa kutoka gari moja, hata kama fenda yake moja imebonyea. Fenda iliyobonyea hunyooshwa, lakini paneli ambayo hukuinunua haiwezi kunyooshwa. Mteja yule alikuja na vipande kutoka magari manne tofauti. Tulipovishikiza kwa bolti bila kukaza, mwanya kati ya boneti na fenda ulikuwa milimita 4 karibu na kioo na milimita 11 karibu na taa, na fenda ya kopi ilikuwa na matundu ya bolti yasiyokutana na ya gari hata mahali pamoja. Kulisawazisha jambo kama hilo ni kazi ya siku 4 ya fundi bodi kabla fundi rangi hajashika msasa. Yupo atakayelifanya kwa siku moja, kwa kupanua matundu na kuziba mwanya kwa puti, na puti hiyo itaanza kupasuka kabla gari halijamaliza makorongo ya safari ya pili. Kuhusu fenda za faiba tutasema tu kwamba hatuzifungi kwenye gari linaloingia hifadhini.

Taa zinahitaji maneno zaidi. Vipuri vingi vya magari haya hutufikia kutoka Dubai, ambako usukani uko kushoto na magari hupita kulia. Taa kubwa ya gari la kule imeundwa kuelekeza mwanga wake kando ya barabara, upande wa kulia, na ukiifunga hapa Tanzania, tunakopita kushoto, mwanga huo unamwingia machoni dereva anayekuja mbele yako. Kuishusha taa hakuondoi kasoro hiyo, kwa sababu imo katika kioo chenyewe. Taa za gari la usukani wa kulia ni ghali zaidi na huchukua muda kupatikana, nasi hatutafunga nyingine hata mteja akija nazo mkononi.

Wengine huomba boneti yenye pua ya kuingizia hewa. Kwenye V8 pua hiyo ina kazi, lakini 1HZ haina turbo wala intakula, yaani kipozahewa cha turbo, na tundu hilo litakuletea vumbi na maji ya mvua juu ya injini. Tunaweza kuifunga ikiwa imezibwa kwa ndani. Kumbuka pia kwamba mkonga wenyewe wa zamani, yaani bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo, hautakaa kwenye fenda mpya, kwa kuwa tundu lake haliko mahali palepale, na ngao ya zamani ya chuma inayokaa mbele ya bampa itaacha pengo pande zote mbili. Vitu hivyo viwili vimo katika bei tunayotaja. Kwa fundi anayekutajia nusu ya bei yetu, muulize kama vimo.

Lipo pia lalamiko la mteja aliyesema tulimdanganya kwa sababu mnunuzi alikataa kulipa bei ya gari jipya. Hatukuwahi kumwahidi jambo hilo. Kadi ya gari inaonyesha mwaka wa kutengenezwa, na namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu. Sura mpya haigusi chochote kati ya hivyo, na rangi ikibadilika ni lazima iandikishwe upya.

Kila mteja hurudishiwa sehemu zake za zamani pamoja na orodha, ingawa wengi huziacha wakisema ni chuma chakavu. Mwaka 2023 Toyota ilirudisha taa za duara kwenye mfululizo huu wa 70, na tangu hapo simu zetu zimebadilika mada. Taa hizo mpya ni za LED, na grili yake haiingiliani na ile ya zamani, kwa hiyo anayetaka uso huo anaanza kutafuta upya kabisa. Wengine wanataka tu kurudi walikotoka. Mwenye Land Cruiser HZJ75 ya rangi ya maziwa aliyetuachia uso wake miaka sita iliyopita, fenda zako mbili na paneli ya mbele bado ziko juu ya rafu yetu ya nyuma, zimepakwa praima na jina lako limeandikwa kwa chaki.