Kaka, ile moduli uliondoka nayo

Kaka,

Huu ni mwezi wa nane hupokei simu zangu. Nikikuandikia ujumbe unausoma, unanyamaza. Basi nimeandika hapa, najua wanao watakuonyesha.

Siku ya pili ya matanga, pale Makadara, nilikuwa nazungusha chai. Ulichomoa moduli yangu, kile kitabu changu cha masomo, chini ya mto wa kochi, ukaiinua kila mtu aione. "Hiki ndicho kilichomzuia kuwa na mama akikata roho. Mtu wa miaka 47! Cheti cha kumpeleka wapi?" Shangazi akainamisha kichwa. Mimi nikaendelea kumimina hadi kikombe kikafurika, chai ikajaa kwenye sahani, na hakuna aliyeniambia nitue birika.

Siku aliyofariki, mtihani wangu ulianza saa tatu. Mama alituacha saa nne na nusu. Alfajiri nilikuwa wodini, nikamwambia siendi. Akanishika mkono: "Nenda. Ukikosa leo utangoja mwaka mzima." Wewe ulikuwa ungali njiani kutoka Mombasa, na sijawahi kukulaumu kwa hilo. Simu niliiacha mlangoni kama watahiniwa wote. Nilipotoka nikakuta umenipigia mara 14.

Kaka, umesahau mama alikuwa nani? Fomu yako ya darasa la kwanza aliitia kidole gumba. Kampeni ya kisomo ya 1979 ilipofika mtaani akaanza kwenda ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni, mimi nikiwa mgongoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukimchongea penseli kwa wembe. Alikuwa akisimulia hilo kwa fahari mpaka mwisho. Ripoti yako ya darasa la tatu aliisaini mwenyewe, herufi N ikiwa imegeuka.

Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mwaka wa 2004, mzee wa miaka 84, ulikata picha yake gazetini ukaibandika dukani. Mzee wa watu ulimpigia makofi. Dadako je?

Cheti chako cha KCPE, cha kumaliza shule ya msingi, kiko kwenye kasha la mama, nimekiona. Jisajili KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kibinafsi, huhitaji kuvaa sare wala kufunga duka. Ukipita, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kipo tangu 2023, unasomea kwenye intaneti hapo hapo kaunta. Utajua maana ya kufungua somo saa tano usiku watoto wamelala, bando linakaribia kuisha, na kesho darasa la nne wanakungoja uwafundishe. Utajua likizo za Aprili, Agosti na Desemba huwa zinaenda wapi. Ungekuwa umeyapitia haya usingeinua kitabu changu vile mbele za watu. Mimi sikumtoroka mama. Alinituma.

Ile moduli nirudishie. Fungua ukurasa wa mwisho, ndani ya jalada. Usiku ule wodini aliomba kalamu akaandika jina lake, na N bado imegeuka.