"Juke" haina baba mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nichangie mjadala uliozuka baada ya makala yenu ya muziki kumtaja Little Walter, Mmarekani mpiga kinanda cha mdomo (harmonika), kuwa mtunzi pekee wa kipande cha bluzi kiitwacho "Juke", na baada ya msomaji mmoja kujibu wiki iliyofuata kwamba kipande hicho ni cha wizi mtupu. Nimekuwa nikijifunza kukipiga kwa mwaka mmoja na ushei sasa, na kwa heshima zote nadhani mwandishi na msomaji huyo wamekisikiliza kwa haraka.

Kwa wasiokijua, "Juke" ilirekodiwa Chicago tarehe 12 Mei 1952, katika kikao kilichokuwa cha bendi ya Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gita wa bluzi. Hakuna anayeimba humo. Anayeongoza ni Walter kwa kinanda cha mdomo, kile cha matundu 10 ambacho wengi wetu tulikutana nacho utotoni kama kitu cha kuchezea, huku Muddy Waters na Jimmy Rogers wakiwa kwenye magitaa na Elga Edmonds kwenye ngoma. Sahani ilitoka kwa lebo ya Checker, tawi la kampuni ya Chess, ikashika nafasi ya kwanza kwa wiki 8 katika chati ya R&B (rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi) ya jarida la Billboard, mafanikio ambayo hakuna kipande kingine cha kinanda cha mdomo kisicho na maneno kilichowahi kuyafikia katika chati hiyo. Walter alikuwa ametimiza miaka 22 siku kumi na moja tu kabla ya kurekodi.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua kinanda cha ufunguo wa C, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwapo dukani, nikakaa nacho miezi miwili nikifuata rekodi bila hata sauti moja kukaa sawa, nikayalaumu masikio yangu na kumaliza uvumilivu wa watu wa nyumbani. Rafiki yangu mpiga gita alisikiliza kwa nusu dakika akaniambia kwamba magitaa yale yanapiga kwenye E. Hapo ndipo nilipojifunza siri ambayo wapigaji wa bluzi waliijua tangu zamani: ili kupiga kwenye E, Walter alishika kinanda cha A. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya tumezoea kuitafuta "do" kwa kupuliza tundu la kwanza, kama kiwanda kilivyokusudia, lakini wapigaji hawa waliihamishia tundu la pili, tena kwa kuvuta pumzi ndani. Sababu yake huisikii mpaka ujaribu. Katika matundu ya chini, ndimi za shaba zinazolia kwa kuvuta zinakubali kupindwa, yaani ukibadili umbo la kinywa na koo sauti inateremka na kulia kama mtu, ilhali zile za kupuliza hapo chini hazikubali. Kwa hiyo ukihamisha "do", sauti zinazopindika zinaangukia palepale ambapo bluzi inazihitaji.

Sasa nirudi kwenye suala la asili. Sentensi ya kwanza ya "Juke", ile inayopanda kutoka tundu la pili hadi la sita kama mtu anayeruka ngazi, haikuanzia kwa Walter. Mwaka 1948, miaka minne kabla, Snooky Pryor, mzaliwa wa Mississippi aliyehamia Chicago, alirekodi na mpiga gita Moody Jones kipande kiitwacho "Snooky and Moody's Boogie", na anayekisikiliza baada ya "Juke" atashtuka, kwa maana mwanzo ni uleule. Pryor mwenyewe, aliyeishi hadi 2006, hakuacha kulisema jambo hilo. Alisimulia pia kwamba alipokuwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akipiga kinanda kupitia vipaza sauti vya kambi, yaani hata wazo la kukipa kinanda nguvu ya umeme alilidai kuwa lake. Nao wapiga piano wa mtindo wa bugi walikuwa wakipandisha vidole kwa namna inayofanana na hiyo kabla ya hao wawili, kwa hiyo nisingethubutu kusema kwamba hata Pryor ndiye chemchemi.

Msomaji aliyeandika "wizi" amesimama hapo hapo, kwenye mzunguko wa kwanza. Kipande kina mizunguko minane, kila mmoja wa hatua 12, na yote inakwisha chini ya dakika 3. Ule wa kwanza niliupata baada ya wiki tatu. Mizunguko inayofuata imenila mwaka, kwa sababu kila mmoja unakuja na wazo lake, na Walter anaingia kwenye mapigo kwa kuchelewa kidogo au kuwahi kidogo, namna ambayo ukiihesabu kwa vidole inakukimbia. Alikuwa shabiki wa Louis Jordan, mpiga saksafoni, na ukijaribu kumfuata unagundua kwamba anapumua kama mtu wa saksafoni: anamaliza sentensi, ananyamaza, anaacha gita lijibu. Ongeza ile sauti nene anayoipata kwa kufumbata kipaza sauti na kinanda pamoja katika viganja bila kuacha upenyo. Nimejaribu kwa kipaza sauti cha mtumba, na ninakiri kwamba kwa muda mrefu nilichopata ni mluzi wa spika peke yake. Hayo hayamo katika rekodi ya Pryor.

Tusisahau bendi pia. Katika kumbukumbu za studio kipande kiliandikwa "Your Cat Will Play", na jina "Juke" kilipewa baadaye. Kabla ya siku ile kilikuwa muziki wa kufungia onyesho la Muddy Waters, kikapikwa jukwaani usiku hadi usiku na watu wote wanne. Hata hivyo, jina lililoandikwa kwenye sahani ni la mmoja, na muda si mrefu Walter aliiacha bendi ile akaenda kuongoza ya kwake. Neno "juke" lenyewe wanaisimu wengi hulihusisha na Kigullah, lugha ya wazawa wa watumwa katika pwani ya South Carolina na Georgia, ambayo ina mizizi ya Afrika Magharibi. Natamani lingekuwa letu la Kiswahili, lakini silo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapokirudia kisa hiki, tajeni mwaka 1948 kando ya 1952, na jina la Snooky Pryor kando ya la Walter, kisha wapeni wasomaji nafasi wasikilize rekodi zote mbili kwa kufuatana, ya Pryor ikitangulia. Mimi nimefika mzunguko wa sita, na wa saba bado unanishinda.

Msomaji wenu,
Tanga